Ana pointi 4.0 lakini udaktari wamemkataa: arudie mtihani, aende diploma au achukue kozi nyingine?

KakaMkubwa_Iringa: Wakuu, shikamooni. Naomba ushauri wa haraka kabla dirisha la maombi halijafungwa. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, ana division three. Tumeomba udaktari vyuo vitatu, vyote vimejibu hana sifa. Mbona TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanasema kiwango cha chini ni pointi 4.0 na yeye anazo? Baba anataka arudie mtihani, mama anataka aende diploma ya utabibu, mimi naona achukue digrii yoyote mradi asikae nyumbani. Ipi bora?

Mama Rehema: Marahaba. Kombi gani? Kila somo kapata nini? Kwa "division three" peke yake hakuna atakayekushauri vizuri.

KakaMkubwa_Iringa: Samahani mama. PCB. Biolojia C, Kemia E, Fizikia E.

Ngosha_PCB: Basi hajaonewa. C ni pointi 3, E ni 1. Kwa masomo mawili, Biolojia na Kemia zinampa 4 kamili, na hizo zinamfungulia mlango wa digrii kwa ujumla. Udaktari una masharti yake: Fizikia, Kemia na Biolojia zote kuanzia D, jumla pointi 6. Yeye ana 5, tena na E mbili. Arudie. Mimi nilirudia kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea), Fizikia ikatoka E mpaka C. Mwaka mmoja unapita upesi.

Mwl_Advance: Unapita upesi kwa mwenye hela ya tuisheni. Nafundisha Kemia, nawaona wanaorudia: wengi wanasoma peke yao nyumbani huku wakitumwa sokoni, Mei inafika hawajamaliza hata mada za kidato cha tano. Asome kitabu cha mwongozo cha TCU kozi kwa kozi, atafute anayoiweza kwa alama hizo. Udaktari siyo kazi pekee yenye heshima.

Tabibu_Kusini: Mama yenu anaweza kuwa sahihi, ila nisikilizeni kwanza. Mimi nilienda diploma ya utabibu moja kwa moja kutoka form four. Chuo kilinipokea kwa D zangu za Kemia, Biolojia na Fizikia. F ya Hisabati hakuna aliyeniuliza. Nikasoma miaka mitatu, nikatoka na GPA (wastani wa ufaulu) 3.7, nikafanya kazi zahanati miaka miwili nikiweka akiba ya ada. Naomba MD, yaani digrii ya udaktari: hana sifa. Chuo cha pili, hana sifa. Nikapanda basi usiku kucha mpaka ofisi ya udahili. Dada wa pale akafungua mwongozo wa wenye diploma, akaweka kidole kwenye mstari: GPA 3.0, na kuanzia D za form four katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Nilisimama pale nikausoma mara tatu. Nikajisajili PC, Novemba nikakaa chumba kimoja na vijana ambao mama zao huwaleta kwangu kutibiwa, mkebe mpya wa hesabu mezani. Nikapata D. Sasa niko mwaka wa tatu wa MD, lakini muda ule haurudi. Kwa hiyo usilipe ada ya diploma kabla hujakiangalia cheti chake cha form four. Na akimaliza, ahakikishe chuo kimepeleka matokeo NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), maana bila namba ya AVN, ile ya kuthibitisha diploma yake, hawezi kuomba.

Kizazi_2015: Mnalalamika nini? Sisi wa 2014 na 2015 tulidaiwa C mbili ndiyo zifike pointi 4.0. Leo D mbili zinatosha. Rafiki zangu waliachwa nje na D zao, hakuna aliyewatetea.

Ngosha_PCB: C ya miaka yenu ilianzia alama 40. D ya sasa inaanzia 50. Nani kapendelewa hapo?

Kizazi_2015: Na mtihani wetu ulikuwa mgumu! Mfumo wa GPA, ule wa miaka yetu badala ya division, waliuleta wakubwa, wakauondoa wakubwa, na cheti changu mpaka leo kila ninapoomba kazi naanza kueleza maana ya B+. Wewe hujawahi kuulizwa hilo.

Mwl_Advance: Hapo namuunga mkono. Nilikuwa darasani miaka hiyo, wanafunzi walijiandaa kwa madaraja haya, wakapimwa kwa mengine.

Mama Rehema: Jamani, kijana wa watu anasubiri. KakaMkubwa, matokeo ya form four yako wapi?

KakaMkubwa_Iringa: Nimempigia sasa hivi. Fizikia C, Kemia C, Biolojia B. Hisabati ana F. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta pesa ya ada ya diploma, nimemwambia asubiri kidogo.

Tabibu_Kusini: Umefanya vizuri. Na Kiingereza?