Kupanua barabara kuu au kuunganisha mitaa: kipi kitapunguza foleni Mwanza?

Mkazi wa Mkolani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila foleni ya jiji letu inapozungumzwa, dawa inayotajwa kwanza ni kupanua barabara. Mimi naishi Mkolani na shughuli zangu ziko Nyakato. Ukitazama ramani, sehemu hizi mbili haziko mbali, lakini safari yangu ya daladala huingia kwanza mjini kwa Barabara ya Kenyatta, nikashuka na kupanda gari jingine, kisha nikatoka tena kwa Barabara ya Nyerere, ilhali mjini sina haja napo. Je, foleni yetu inatokana na wembamba wa barabara, au inatokana na jinsi mitaa yenyewe ilivyounganishwa? Nauliza kwa sababu urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima viwanja pale ambapo watu wamekwisha kujenga bila mpango, unaendelea mtaani kwetu, mchoro wa viwanja na njia utaletwa mbele ya wananchi, na ningependa kujua la kutazama kabla bikoni za mipaka hazijachimbiwa.

Mstaafu wa Mipangomiji

Ndugu yangu, umeuliza jambo ambalo nimelifanyia kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Nyoosha vidole vitatu vya mkono wako. Kimoja ni Barabara ya Kenyatta inayoelekea kusini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa. Cha pili ni Barabara ya Nyerere inayokwenda mashariki, Mabatini, Buzuruga, Igoma na Kisesa. Cha tatu ni Barabara ya Makongoro inayopanda kaskazini, Kirumba na Pasiansi, kuelekea uwanja wa ndege. Aliye kwenye ncha ya kidole kimoja akitaka kufika ncha ya kingine, hurudi kiganjani. Kiganja hicho ni mji wa zamani ulioanza mwaka 1892 ukingoni mwa ziwa, na reli ilipofika mwaka 1928 biashara ilizidi kujikusanya hapo hapo. Katikati ya mji mitaa inakatana kwa karibu, na mtu akikuta njia moja imeziba hupinda kwenye ya pili. Ukitoka nje ya hapo, vilima vya mawe upande mmoja na ziwa upande mwingine vimeuacha mji ukue kwa kufuata barabara kuu, na nyuma yake makazi yamepanda mlimani kwa vichochoro ambavyo vingi huishia kwenye ua wa mtu.

Matokeo yake ni kwamba barabara moja hubebeshwa kazi zote. Lori la masafa marefu, daladala linaloshusha abiria kila baada ya hatua chache, bodaboda, mkokoteni, na mama anayekwenda sokoni mtaa wa pili, wote wako kwenye lami ile ile, kwa sababu nyuma yake hakuna njia inayofika popote. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi linapendekeza mji uwe na angalau kilometa 18 za mitaa katika kila kilometa moja ya mraba, na barabara na njia zichukue karibu asilimia 30 ya ardhi. Atembee yeyote kwenye miteremko ya Igogo au Mabatini ajionee jinsi tulivyo mbali na kipimo hicho.

Tumekwisha kuona kwetu wenyewe kwamba kuunganisha kunasaidia. Barabara ya Usagara hadi Kisesa imempa anayetoka Shinyanga kwenda Musoma njia ya kutoingia mjini kabisa. Vivyo hivyo, mkazi wa Kiseke anayekwenda Nyakato anaweza kupitia Buswelu, asishuke Kirumba. Kilichobaki kuwa dhaifu ni viungo vifupi vya ndani, hasa kati ya kusini na mashariki, kwa upande wa Mahina na kwingineko. Hivyo havina mvuto wa barabara kubwa, wala havipati sherehe ya kuwekewa jiwe la msingi, lakini ndivyo ambavyo vingekutoa wewe kwenye foleni ya mjini.

Mhandisi wa Nyakato

Namuunga mkono mzee wetu, na naomba kuongeza hesabu kidogo. Njia moja ya magari isiyo na kizuizi hupitisha takriban magari 1,800 hadi 2,000 kwa saa. Kwenye taa, kiwango hicho hupatikana wakati wa kijani tu. Kijani kikiwaka sekunde 30 katika kila mzunguko wa sekunde 90, uwezo unashuka hadi magari kama 600. Ukipanua barabara kati ya makutano na makutano bila kugusa makutano yenyewe, umeongeza mahali pa kusubiria tu. Na kwa kuwa sisi huendesha kushoto, anayekata kulia hungoja wanaokuja mbele yake wapungue, na pasipokuwa na nafasi yake maalumu huwazuia wote walio nyuma yake hata kama wanakwenda moja kwa moja. Penye mitaa mingi inayokatana, wakataji kulia hugawanyika kwenye kona nyingi. Kwetu wote hurundikana kwenye kona zile zile chache.

Hata hivyo, kuna tahadhari mbili ambazo ningeomba zisipuuzwe. Kwanza, kuunganisha mitaa si kuifungulia kila mmoja mdomo kwenye barabara kuu. Makutano ya njia nne yana sehemu 32 ambako mikondo ya magari hukatana, huungana au huachana, na ya njia tatu yana 9, kwa hiyo kila mdomo mpya unaongeza msuguano na ajali. Kinachotakiwa ni mtaa uungane na mtaa, nyuma ya barabara kuu. Pili, mwaka 1968 mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwamba barabara mpya ikiongezwa pasipofaa inaweza kurefusha safari ya kila mtu, kwa kuwa kila dereva huifuata kwa faida yake na wote hukutana penye upenyo mwembamba. Kila kiungo kipigiwe hesabu kabla ya kujengwa.

Mama wa Mabatini

Shikamooni wazee wangu. Nawaelewa, lakini tunaoishi mlimani tuna hofu. Mtaa wetu ulipotandazwa mawe tulishukuru, kwa maana matope yaliisha na mgonjwa aliweza kuteremshwa. Baada ya muda mfupi bodaboda waligundua kwamba unapita hadi upande wa pili, na sasa wanateremka kwa kasi pale pale ambapo watoto huchezea na akina mama huanika dagaa. Mkiunganisha mitaa yote, foleni ya barabarani si mtakuwa mmeileta mlangoni kwetu?

Mstaafu wa Mipangomiji

Marahaba, mama. Hofu yako ni ya haki, na si kila kiungo kinafaa kuwa cha magari. Penye mwinuko mkali, ngazi imara zenye mfereji pembeni humfikisha mtembea kwa miguu haraka kuliko barabara yoyote, na kila anayeweza kutembea amepungua kwenye daladala. Penye kupitika, nguzo fupi za zege katikati ya njia humruhusu mtu na mkokoteni mwembamba, zikalizuia gari; na kwa kuwa bodaboda hupenya, matuta yawekwe pia. Njia za magari zichaguliwe chache, zile ambazo mwinuko wake na upana wake unaruhusu.

Mkazi wa Mkolani

Nawashukuru nyote. Sasa, mchoro ukibandikwa kwenye ofisi ya mtaa, nianze kuangalia wapi?

Mhandisi wa Nyakato

Anza kwenye kingo za mchoro, si kwenye kiwanja chako. Fuata kila njia kwa kidole hadi mwisho wake, uone kama inakutana na njia ya mtaa jirani au inakomea kwenye uzio wa mtu. Mara nyingi kila mtaa huchorwa peke yake, na njia mbili zinazotazamana zikatenganishwa na kiwanja kimoja. Ukiona hivyo, iombe kamati ya urasimishaji izungumze na mwenye kiwanja na wenzao wa mtaa wa pili kabla mchoro haujaidhinishwa, kwa sababu leo anaombwa kuachia meta chache pembeni mwa ua, lakini akishapata hati na kuinua ukuta, njia hiyo haitapatikana bila fidia.