Waandaaji wa mikutano Leiden, acheni kutuuzia historia wakati mambo ya msingi yamewashinda

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaoandaa mikutano na makongamano Leiden, Uholanzi, na kwa wenzetu wa Dar, Nairobi na Kampala wanaolipa ada ya kushiriki baada ya kuona picha za mifereji. Mji ni mzuri, hakuna anayebisha. Chuo kikuu ni cha 1575, bustani ya mimea ya 1590, na kila Agosti wataalamu wa lugha za Kiafrika hukutana huko. Lakini makosa ni yaleyale kila msimu, na anayeumia ni mgeni aliyetoka mbali.

Viza kwanza. Barua ya mwaliko inatumwa wiki tatu kabla, imeandikwa "Mpendwa mshiriki". Hiyo barua haina kazi! Ombi la viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Uholanzi, linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45, na hapo bado hujahesabu kusubiri miadi ya alama za vidole. Ada ni yuro 90, ukinyimwa hairudi. Bima lazima ifikie yuro 30,000. Barua ya maana ina jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe za kuingia na kutoka, na inasema wazi nani analipa tiketi na nani analipa hoteli. Itumeni miezi minne kabla.

Halafu kuna wanaopanga kikao tarehe 2 au 3 Oktoba. Tarehe 3 Leiden inaadhimisha kuvunjwa kwa mzingiro wa Wahispania mwaka 1574. Chuo kinafungwa, katikati ya mji panajaa bembea na vibanda, mabasi yanabadilishiwa njia, hoteli zimeshajaa. Shamrashamra zinaanza usiku wa kuamkia. Tarehe 3 ikiwa Jumapili, sherehe inasogezwa Jumatatu tarehe 4, kama itakavyokuwa 2027. Kalenda mnayo, mnashindwa nini kuitazama?

Ukumbi ndio unaoniudhi kuliko vyote. Mtu anakodi kanisa la kale kama Pieterskerk kwa sababu linapendeza kwenye picha, anasimamisha spika mbili kubwa mbele, kisha anambandika mzungumzaji maiki ya kwenye kola. Dari liko juu sana, sakafu ni mawe, nguzo kila upande. Sauti inagonga ukuta na kurudi wakati neno la pili limeshatoka, waliokaa nyuma wanasikia uji mtupu. Fundi akiongeza sauti, anaongeza mwangwi. Dawa yake inajulikana: spika ndogo nyingi kwenye nguzo, zielekezwe chini kwa watu, na sauti ya kila safu ya spika icheleweshwe kama milisekunde 3 kwa kila mita kutoka jukwaani, maana sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Maiki iwe ya kuvaa kichwani, karibu na mdomo.

Wakalimani nao wanasahaulika. Kibanda cha watu wawili kinataka nafasi ya mita 1.6 kwa 1.6 na kimo cha mita 2, basi pimeni milango na ngazi kabla ya kusaini. Na kumweka mkalimani mmoja peke yake kutwa nzima ni kumkosea heshima. Kazi ile ni ya wawili, wanapokezana kila nusu saa. Mkishindwa haya, fanyieni majadiliano Bio Science Park, upande wa pili wa stesheni, kwenye majengo mapya. Kanisani pelekeni chakula cha jioni.

Ratiba nayo. Ndege za usiku kutoka kwetu zinatua Schiphol asubuhi, na treni mpaka Leiden Centraal haizidi dakika 20. Hoteli inatoa chumba saa tisa alasiri, ninyi mnafungua mkutano saa saba mchana! Mgeni anaingia ukumbini hajaoga, sanduku mkononi, baada ya kuliburuta juu ya mawe ya mitaa ambayo basi kubwa halipiti. Lipieni chumba kuanzia usiku wa kabla. Mchana anapewa mkate baridi na jibini, na Mwislamu anaambiwa ale tu hivyo kwa kuwa hakuna aliyeagiza halali kwa maandishi.

Mwisho ni pesa. Kuanzia 1 Januari 2026 kodi ya ongezeko la thamani kwenye malazi Uholanzi imetoka asilimia 9 hadi 21. Chumba cha yuro 150 kabla ya kodi kilikuwa 163.50, sasa ni 181.50. Wageni 40 kwa usiku tatu, hilo ni ongezeko la yuro 2,160. Bado kuna bajeti zinazozunguka na asilimia 9, na pengo likionekana linakatwa kwenye posho za wageni. Tunataka bei yenye kodi ya sasa iandikwe kwenye mkataba, na anayekosea hesabu afidie kutoka mfukoni mwake.