Mama kapewa karvediloli, jirani anameza propranololi ya goita. Ni dawa moja?

MwanaAhero: Wadau, nisaidieni. Mama yangu yuko Ahero. Alipimwa Kisumu, akaambiwa moyo umedhoofika, akaanzishiwa karvediloli na dawa ya kupunguza maji mwilini. Jirani anatumia propranololi kwa ajili ya goita, na kijana wake hupewa hiyohiyo kwa kipandauso. Sasa mama anasema presha yake iko sawa, vidonge vinamchosha, anataka kuacha. Shangazi naye, mwenye pumu, anaomba hivyo vitakavyobaki ameze kwa presha yake. Familia moja ya dawa yatibuje mambo yote haya?

Nesi_Kondele: Nianze na shangazi: asipewe hata kimoja! Adrenalini, homoni inayouamsha mwili, ndiyo husaidia kupanua njia za hewa, na karvediloli na propranololi huizuia moyoni na mapafuni pia. Mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya sana. Ndugu zao, bisoprololi na atenololi, huelekea zaidi moyoni, lakini hata hizo ni za kuamuliwa na daktari.

Kuhusu swali lako, beta-bloka, yaani hiyo familia ya dawa zote hizi, hukalia kiti cha adrenalini kabla yenyewe haijafika. Moyo hupiga polepole na bila nguvu nyingi, na figo hutoa kidogo renini, kemikali inayochangia kupandisha presha, kwa hiyo presha hushuka. Goita ikimwaga homoni kupita kiasi, mtu hutetemeka na moyo kwenda mbio. Propranololi hutuliza hayo, goita yenyewe haiigusi. Ya kipandauso humezwa kila siku ili kisianze, si kichwa kikishauma.

Omosh_254: Lakini si nasikia siku hizi madaktari hawazipendi kwa presha?

Nesi_Kondele: Kwa presha peke yake, wengi huanza na dawa za familia nyingine, kama amlodipini au losartani. Mama hatibiwi presha, ndugu. Zamani beta-bloka ziliogopwa kabisa kwa moyo dhaifu. Baadaye ikaonekana karvediloli na bisoprololi huwarefushia wagonjwa hao maisha.

Jamaa_wa_Lanet: Mimi niko kwa bisoprololi. Mwanzoni nilichoka kweli, na baridi hii ya Nakuru vidole vilikuwa barafu. Daktari alianza na dozi ndogo, akapandisha taratibu, mwili ukazoea. Mama asiache ghafla, tafadhali. Moyo unaweza kuanza kwenda mbio, hata mshtuko wa moyo ukatokea. Kama ni kuacha, daktari humpunguzia kidogo kidogo.

MwanaAhero: Asanteni sana. Shangazi nimemkatalia, amenuna. Nilisahau kusema, mama ana sukari pia, anameza vidonge vyake.

Nesi_Kondele: Hilo lazima daktari wake wa moyo alijue. Sukari ikishuka, kule kutetemeka na moyo kwenda mbio huenda asikusikie. Jasho ndilo hubaki. Akitokwa na jasho bila sababu, mpimeni sukari papo hapo. Karvediloli ameze pamoja na chakula, na asiinuke kitandani kwa haraka. Miguu imevimba? Usiku anapumua vizuri akilala chali?

MwanaAhero: Miguu imepungua. Usiku bado anataka mito miwili.

Nesi_Kondele: Basi msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni wiki hii, na mbebe vidonge vyote anavyomeza.