Mafundi vioo wa Tabora na Kigoma, silikoni ya madirisha ya aluminiamu mnaibandikia nini kioo cha nyuma cha Prado?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu una hasira, mwenye moyo mwepesi apite pembeni.

Kwa nini kila gari la bei mbaya likivunjika kioo cha nyuma huku kwetu linatoka gereji na ugonjwa mpya? Kioo kimewekwa, pesa imeliwa, wiki mbili mbele buti linaingiza vumbi, redio inakoroma, waipa ya nyuma imelala, na mvua ya kwanza ya Novemba inakuta zulia limelowa chepechepe. Mwenye gari akirudi kuuliza anajibiwa, "Mkuu, hizi gari za kishua zina mambo mengi." Hazina mambo mengi. Wewe fundi umebandika kioo kwa silikoni ya dirisha la aluminiamu.

Kujua ni rahisi. Siku ileile kilipowekwa, sogeza pua kwenye ukingo wa kioo. Ukisikia harufu ya siki, umepigwa. Silikoni ya aina hiyo ikikauka inatoa asidi, ileile ya siki, na asidi inakula bati popote rangi ilipochubuka. Haina nguvu ya kushika kioo cha gari linalorukaruka kwenye makorongo, kazi yake ni kuziba upenyo wa dirisha la nyumba. Ubaya zaidi unaujua siku ukitaka kurekebisha: silikoni inaacha utando usioonekana, na gundi halisi haishiki juu ya utando huo hata ukipaka debe zima. Fundi atakayefuata atakesha anakwangua.

Kinachotakiwa ni gundi ya poliyurethani ya vioo vya magari. Na msije mkaniambia "tunatumia Sikaflex" mkadhani mmemaliza. Sikaflex ni jina la chapa tu, na ziko nyingi. Ile 11FC inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi ni ya viungo vya majengo, si ya kioo cha gari. Soma tyubu: lazima iandikwe kwamba ni ya vioo vya magari, na iwe na tarehe ya mwisho. Gundi hii inakaa miezi 9 hadi 12 ikitunzwa sehemu ya baridi, chini ya nyuzi 25. Sasa niambie tyubu iliyoanikwa rafu ya juu, chini ya bati, mwezi wa kumi Tabora, inafika hiyo miezi? Minya tyubu. Ikiwa ngumu kama muhogo mkavu, rudisha.

Turudi kwenye kioo chenyewe, maana hata kununua mnakosea.

Kioo cha nyuma si kama cha mbele. Cha mbele ni vioo viwili vyenye utando katikati, jiwe likigonga kinachorwa nyufa na kubaki mahali pake. Cha nyuma kwenye magari mengi ni kioo kimoja kilichochomwa kupita nyuzi 600 kisha kikapulizwa hewa kwa ghafla. Ndiyo maana kikivunjika kinamwagika punje punje kama chumvi ya mawe. Maana yake ni mbili: hakizibwi ufa, na hakikatwi wala kutobolewa baada ya kutoka kiwandani. Tundu la waipa, matundu ya bawaba na ya kitasa yote yametobolewa kabla ya kuchomwa. Fundi akikwambia "leta hicho hicho, tundu la waipa tutatoboa", kimbia na kioo chako. Dreli ikigusa tu, unafagia.

Kwa hiyo nunua kwa namba ya chesisi. Si kwa "Prado ya 2012" wala "Range Sport nyeusi". Prado 120 na 150 ziko ambazo kioo cha nyuma kinafunguka peke yake bila kufungua mlango, na ziko ambazo kimegandishwa. Range Rover Sport ya kwanza, ile ya 2005 hadi 2013, kioo kinafunguka. Harrier kimegandishwa kwa gundi. Kioo kinachofunguka hakihitaji gundi hata tone, kinashikwa na bawaba, shokapu mbili ndogo za gesi na kitasa, na kinakaa juu ya raba. Nenda na chesisi, piga picha kioo kilichovunjika kama kuna kipande kilichobaki, hesabu matundu, hesabu nyaya, angalia rangi.

Rangi! Hapa napo mnaibiwa. Kioo cheusi cha nyuma cha magari haya weusi wake umo ndani ya kioo, si karatasi ya tinti. Muuzaji anakupa cheupe, fundi anabandika tinti juu, kinafanana siku ya kwanza. Mwaka ujao tinti ikiota mapovu, ukiibandua inaondoka na nyaya za difrosta (zile za kupasha kioo joto kiondoe ukungu), kwa sababu nyaya zimechapwa upande wa ndani, palepale tinti ilipobandikwa.

Soma na muhuri wa kona. Utafute herufi E ndani ya duara na maandishi 43R, hicho ni kibali cha Ulaya. Namba iliyo pembeni ya E ni nchi iliyotoa kibali (1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza), haisemi kimetengenezwa wapi, kwa hiyo msidanganyane kuwa "hiki cha Ujerumani". Kioo kisicho na muhuri wowote usikiweke nyuma ya vichwa vya watoto.

Kusafirisha: kutoka Dar kwa basi au treni, kioo hiki kinasimamishwa kwa ukingo ndani ya fremu ya mbao yenye sponji, hakilazwi kama godoro. Uso wake ni mgumu mno, udhaifu uko kwenye kingo na kona. Kona ikigonga chuma kidogo tu kinaweza kulipuka hapohapo, au kifike kizima kikavunjike siku mlango unapigwa kwa nguvu. Kifungue palepale stendi, pitisha macho kingo zote nne, ndipo upokee.

Sasa kazi yenyewe. Naiandika ili mwenye gari asimame pale na kukagua, maana fundi akijua unajua anabadilika.

Betri ifunguliwe kwanza. Fundi atoe plastiki za ndani za mlango, waipa, taa ya breki ya juu, spoila kama imeziba ukingo, achomoe soketi za difrosta na antena. Klipu za plastiki zitavunjika kadhaa, ziwe tayari nyingine, la sivyo mlango utaimba kuanzia Tabora mpaka Urambo.

Punje zinyonywe kwa mashine, si kufagiliwa kwa ufagio wa chelewa. Zinajificha ndani ya mlango wa nyuma, kwenye kitasa, kwenye tundu la spea, kwenye nyumba za mikanda ya viti vya nyuma. Punje moja ndani ya mkanda inaukatakata taratibu. Punje moja kwenye mota ya mlango wa umeme inatosha kuufanya ufunguke nusu na kurudi.

Gundi ya zamani isikwanguliwe mpaka bati. Wanapenda sana hiyo, wanadhani ni usafi. Inakatwa ibaki milimita 1 hadi 2, sawasawa, kwa sababu gundi mpya inashika vizuri sana juu ya ile ya zamani iliyokatwa karibuni. Bati likichubuka, hata mkwaruzo wa ukucha, lipakwe praima (rangi ya awali inayokinga bati na kuisaidia gundi ishike). Watu wa Kigoma, na unyevu wenu wa ziwani, mkwaruzo usiopakwa praima ni kutu iliyojificha chini ya raba, mtakuja kuiona bati likishatoboka.

Kioo kisafishwe kwa kisafishio cha vioo au spiriti isiyo na mafuta. Si petroli, si mafuta ya taa! Vyote vinaacha mafuta, na gundi inaachia. Kisha praima ya kioo kwenye ule ukingo mweusi, iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukingo mweusi si pambo. Unaikinga gundi na jua, maana jua linaila poliyurethani.

Kiasi cha gundi: mzunguko wa kioo cha SUV ya kawaida ni kama mita 3.5. Utepe unamwagwa kwa umbo la pembetatu, kitako milimita 10, kimo 12. Hesabu inakuja kama mililita 210. Tyubu moja ya mililita 310 inatosha na kubaki. Nunua mbili kama kioo ni kikubwa, lakini fundi akisema ametumia nusu tyubu na kubakisha ya gari jingine, kuna sehemu utepe umekatika. Utepe uwe mmoja, usiokatika, na sehemu ya kuungania isiwe chini ambako maji yanatuama. Kioo kiwekwe kabla gundi haijafanya ngozi, watu wawili, kikandamizwe sawasawa, kishikwe na tepu ya karatasi.

Kabla plastiki hazijarudishwa, PIMA. Soketi zichomekwe, betri irudishwe, difrosta iwashwe, testa ya kupima volti iguse waya: mwanzo karibu volti 12, katikati ya waya karibu 6, mwisho sifuri. Waya ukisoma 12 njia nzima kisha ghafla sifuri, umekatika hapo, na mkato mdogo unazibwa kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme. Najua mtaniuliza Tabora difrosta ya nini na joto hili. Kwenye baadhi ya magari nyaya hizohizo ndizo antena. Redio inayokoroma baada ya kubadilisha kioo mara nyingi ni soketi ya antena iliyosahaulika, au kiboksi cha kuongezea nguvu kilichokosa umeme. Ila angalia kwanza, magari mengine antena iko kioo cha pembeni, hapo utakuwa unamlaumu fundi bure.

---

Mchangiaji wa 2: Mleta uzi umesema kweli, lakini na sisi wenye magari tuna shida. Mtu anaendesha wiki tatu na nailoni nyuma anasubiri kioo cha bei ndogo.

Mleta uzi: Hilo nalo. Gari lenye mgongo mkubwa likikimbia, hewa ya nyuma yake inavuta kuingia ndani. Ndiyo maana vumbi la barabara linakufuata. Na moshi wa ekzosi unaingia hivyohivyo, na ile sumu ya moshi haina harufu. Kama ni lazima uendeshe, funga nailoni ngumu, fungua madirisha ya mbele na feni ivute hewa ya nje, na usipakie watu nyuma. Na mliokata bima ndogo (third party) msijisumbue kupiga simu, haigusi kioo chako. Wa bima kubwa, someni ukomo wa kioo kwenye karatasi kabla hamjaagiza.

Mchangiaji wa 3: Mkuu, Prado yangu kioo kinachofunguka kimepasuka bila jiwe wala ajali, nimekifunga tu. Fundi anasema joto.

Mleta uzi: Joto peke yake si rahisi. Kagua shokapu mbili. Moja ikichoka na nyingine ikawa mpya, kioo kinajipinda kila ukikifungua. Kagua na nati za bawaba: kati ya chuma na kioo lazima kuwe na washa za plastiki au raba. Zikikosekana, au fundi akikaza kwa hasira, tundu linabeba mzigo wote. Badilisha shokapu zote mbili pamoja, washa mpya, kaza kwa spana ndogo ya mkono. Na kioo hicho kinasukumwa taratibu, hakibamizwi kama mlango wa fuso.

Mchangiaji wa 4: Swali la haraka kaka. Kioo cha Harrier kinawekwa leo mchana hapa Isevya, gundi ni ya magari kabisa, nimesoma. Naweza kuondoka jioni kwenda Kasulu?

Mleta uzi: Usiondoke. Gundi hii inakaushwa na unyevu wa hewa, na saa zilizoandikwa kwenye tyubu ni za nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Kiangazi hiki hewa ya Tabora ni kavu, ongeza muda. Inakauka kwa ndani kama milimita 3 au 4 kwa siku. Lala, ondoka kesho, na hata kesho nenda taratibu kwenye vumbi. Acha dirisha moja wazi kidole kimoja usiku kucha, kwa sababu ukifunga mlango kwa nguvu gari likiwa limezibwa kote, hewa inasukuma kioo kutoka ndani. Gari lisioshwe kwa mashine ya presha siku mbili. Ukitaka kujua kama linavuja, mwagia maji ya bomba polepole kuanzia chini kupanda juu, mwenzio akiwa ndani na tochi. Na tepu usiibandue kabla ya kesho saa nne asubuhi.