MJADALA: Kijana wa Kigoma kusomea media na burudani chuo binafsi, ni kutupa hela au ndio mlango wenyewe?

Wadau habari zenu. Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka mwezi wa saba huku kwetu Kigoma ugomvi majumbani ni uleule. Kijana anasema nataka mambo ya media, utangazaji, filamu, muziki, na kwa sababu vyuo vya serikali vyenye kozi hizo ni vichache na wanaogombania ni wengi anaishia kuomba chuo binafsi, baba akiona ada anasema hela ya michikichi siwezi kuipeleka kwenye usanii, kasome ualimu au uuguzi. Vijiweni hapa Mwanga nako watu wamegawanyika, wengi wanaongea kama vile jibu ni moja kwa watoto wote. Naomba tulijadili kwa hoja.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mtoto wa Kigoma anayeitaka kweli hii kazi ana haja ya chuo kuliko hata mtoto wa Dar, ila alipe ada kwa ajili ya vifaa na watu atakaowakuta pale, asilipe kwa ajili ya jina la digrii. Chuo binafsi kisicho na studio inayofanya kazi ni bora abaki nyumbani asaidie shamba.

Hoja inayorushwa kila mara ni hii, mbona Diamond katoboa bila digrii ya muziki na asili yake ni huku huku kwetu. Sawa, asili ni Kigoma, lakini amezaliwa Dar amekulia Tandale. Mtu wa Tandale anagonga mlango wa studio leo anafukuzwa, kesho anarudi tena kwa mguu au kwa daladala, mpaka siku moja prodyuza anamzoea. Kijana wa Kalinzi au Kakonko hana huo mlango wa kugonga. Reli ya kati kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, akifika anafikia kwa nani, anakula wapi wakati anasubiri kuzoeleka? Chuo kinampa sababu ya kukaa mjini miaka mitatu, kinampa barua ya fildi (mafunzo kazini) inayomfungulia geti la redio au televisheni, kinampa wenzake darasani ambao kesho mmoja ni mpiga picha na mwingine ni meneja wa msanii. Hiyo ndio koneksheni ambayo mtoto wa mjini anazaliwa nayo. Kwa hiyo mfano wa Diamond mimi naona unasema kitu kingine kabisa, unasema kuwa karibu na kazi ni muhimu kuliko kipaji peke yake, na sisi wa mwisho wa reli ukaribu huo tunaununua.

Sasa kwanini sio chuo chochote. Nafanya kazi redioni hapa mkoani upande wa uzalishaji, vijana wa fildi wanapitia mikononi mwangu. Unampokea kijana wa digrii, yuko mwaka wa pili, nadharia za mawasiliano anazo zote kichwani na majina ya wazungu walioziandika, ukimwambia kaa kwenye miksa, shusha muziki taratibu mtangazaji aingie, anakuangalia tu. Hajawahi kugusa. Chuoni kwao studio ipo ila ina kufuli, inafunguliwa wageni wakija. Anakuja mwingine wa diploma, siku hiyohiyo anarekodi, anasafisha sauti, anapanga matangazo ya biashara kwenye ratiba, anauliza kama anaweza kubaki mpaka kipindi cha usiku. Wazazi wa wote wawili wamelipa ada na mmoja wao ameibiwa, nalisema hivyohivyo.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu nenda mwenyewe au mtume ndugu aliye karibu na chuo, aende siku ya kawaida ya masomo. Amuulize mwanafunzi, sio afisa udahili, kwa wiki anashika kamera saa ngapi, kamera moja wanagombania wangapi, programu ya kuediti ipo kwenye kompyuta za chuo au kila mtu na laptopu yake, redio ya chuo inasikika hewani au ni jina kwenye bango. Aulizie walimu, nani kati yao amewahi kutengeneza kipindi au filamu ikaonekana. Aulizie waliomaliza juzijuzi wako wapi, aombe namba za wawili watatu awapigie. Chuo kinachojiamini hakiwezi kukunyima hilo.

Halafu kuna kuchanganya kozi, na hapa ndipo vijana wengi wanaumia. Mass komu, yaani mawasiliano ya umma, sio burudani. Mass komu inakupeleka kwenye habari, uhusiano wa umma na matangazo, mtu anaingia akidhani atafundishwa kupika biti au kuongoza filamu, mwaka wa kwanza unaisha anajikuta anaandika insha za sheria za habari. Kwa kanda yetu jina linalotajwa sana ni SAUT ya Mwanza, chuo cha Kanisa Katoliki kilichotokana na taasisi ya Nyegezi ya 1960 kikawa chuo kikuu 1998, na uandishi wa habari ni moja ya vitu vilivyokijengea jina. Anayetaka habari na utangazaji aanzie kuangalia pale, na aulize maswali yaleyale. Lakini anayetaka jukwaa, ngoma, uigizaji, sauti na mwanga aangalie TaSUBa Bagamoyo, ni ya serikali, ilianza kama Chuo cha Sanaa 1981, inatoa cheti na diploma, na UDSM nako wana idara ya sanaa bunifu. Binafsi isiwe ya kwanza kichwani kwa sababu tu ndio yenye matangazo mengi. Omba orodha ya masomo mwaka kwa mwaka, isome yote.

Kuomba kwenyewe: maombi unatuma moja kwa moja chuoni, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hawapokei, ila mwongozo wa udahili wa TCU ndio unaokuambia kozi gani inatambulika na inataka ufaulu gani. Kozi isiyokuwemo humo achana nayo. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, kwa hiyo haya mambo yanatokea kweli. Kwa fomu siksi kiwango cha chini ni prinsipo mbili (masomo mawili yenye ufaulu wa E au zaidi) zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1) na kozi nyingine zinataka zaidi ya hapo. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, na huku kwetu vijana wanapoteza nafasi kwa sababu laini waliyojaza kwenye fomu ni ya mjomba na mjomba yuko shamba hakuna mtandao. Jaza laini yako.

Mzazi mwenye hela ya kuhesabu mimi namshauri aanze na diploma, iliyosajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi vya ngazi ya cheti na diploma. Wa fomu foo mwenye pasi nne anaanzia cheti, akimaliza diploma na GPA ya 3.0 mlango wa digrii uko wazi. Mtoto akishakaa na maiki na kamera hiyo miaka utajua anaipenda kazi au alipenda kuonekana.

Na hela. Ziwa Tanganyika likifungwa kuvua kama ilivyokuwa 2024, ni 15 Mei mpaka 15 Agosti, na dirisha la maombi ya vyuo linafunguka mwezi wa saba, yaani familia za Kibirizi na Katonga zinatakiwa kutoa hela wakati ambao dagaa hakuna. Anayejua mtoto yuko fomu siksi aanze kuweka tangu mwezi wa kwanza. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) hata wa chuo binafsi kilichosajiliwa anaruhusiwa kuomba, ila cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema na fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa mwanasheria au hakimu, usisubiri wiki ya mwisho. Bumu, yaani hela ya mkopo, likikosekana uwe na mpango wa pili kabla mtoto hajapanda basi. Na ukiuliza ada uliza yote, kuna 20,000 ya TCU, kuna bima ya afya ambayo kwa miaka mingi ilikuwa 50,400, kuna hosteli, kuna fildi, na kozi za kamera zina vifaa vya kujinunulia.

Karibuni.

Mchangiaji, Tabora mjini:
Mkuu umeandika vizuri ila sikubaliani. Mimi niko Isevya hapa Tabora, napiga video za harusi na sendofu tangu nimemaliza fomu foo, kuediti nimejifunza YouTube na kwa kukaa kwa kaka mmoja mwenye studio, nilikuwa nambebea taa. Hakuna mteja amewahi kuniuliza cheti. Wakulima wa tumbaku wakishalipwa natafutwa mpaka Urambo na Sikonge. Hiyo ada ya miaka mitatu ukimpa kijana ananunua kamera, lensi, taa na kompyuta, mwaka wa kwanza ameshaanza kula, mwenzake yuko chuo anaogopa kudisko, kufukuzwa kwa kufeli. Wazazi wetu wanauza viwanja wakati mtaji wenyewe ndio ungekuwa shule.

Mama, Kasulu:
Nimesoma yote. Binti yangu anataka utangazaji, ada naweza kujibana kwa maharage na kahawa. Kinachonikosesha usingizi ni yale tunayosikia, kwamba binti hapewi kipindi mpaka akubaliane na bosi, na chuoni hivyohivyo na maksi. Hili mbona hamliongelei wanaume?

Mchangiaji, Ujiji:
Mdogo wangu kaona chuo cha Marekani kinaitwa Full Sail, ni binafsi na chote ni mambo ya burudani, filamu, muziki, magemu. Anasema kuomba ni mtandaoni. Kinafaa au ni matapeli?

Mleta mada:
Mama yangu wa Kasulu shikamoo, na umesema kweli, tumelikwepa. Kuomba rushwa ya ngono ni kosa la jinai, lipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25, na TAKUKURU wanapokea taarifa hizo. Kwenye kuchagua chuo uliza kama kina dawati la jinsia linalofanya kazi, nani anasimamia maksi na kama mitihani inasahihishwa na zaidi ya mtu mmoja, na fildi uliza nani anamfuatilia mwanafunzi akiwa nje ya chuo. Ongea na mabinti wawili wanaosoma pale bila mwalimu kuwepo. Wakisita kujibu umeshajibiwa. Na mwambie binti kuna kazi nyingi zaidi ya kukaa mbele ya maiki, uhariri, fundi sauti, uandishi wa vipindi, usimamizi wa mikataba na haki miliki, huko mabinti ni wachache na redio zinawatafuta.

Wa Ujiji, chuo ni cha kweli. Kilianza 1979 kule Ohio, sasa kiko Winter Park, Florida. Lakini mwambie mdogo wako kukubaliwa na kwenda ni vitu viwili. Chuo kinatoa fomu ya I-20, ya kuombea viza ya mwanafunzi, baada ya kuona uthibitisho wa hela ya mwaka wa kwanza, ada pamoja na kuishi, halafu kuna dola 350 za SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa nje) kabla hata ya usaili wa viza. Na digrii ya nje lazima ipelekwe TCU itambuliwe ukitaka kuitumia hapa, kwa hiyo waulize TCU kabla ya kulipa chochote. Kama baba hana hizo hela benki leo, muda huo autumie kwenye maombi ya hapa nyumbani.

Kaka wa Tabora, kazi yako naiheshimu na kwa harusi uko sahihi, cheti hakiulizwi. Ila wewe unaongelea biashara moja. Kijana anayetaka kusoma habari redioni anakutana na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, inataka ithibati, yaani kibali cha uandishi wa habari, na kanuni zake za 2017 zimeweka diploma ndio kiwango cha chini. Huyo umpe kamera ya thamani gani, kitambulisho hapati. Na mtaji wa kamera bila mtu wa kukushika mkono unaishia kwenye kabati au kuuzwa kwa bei ya hasara, wewe ulikuwa na huyo kaka mwenye studio, ulibeba taa zake, ulirudi naye usiku kutoka Urambo. Hiyo ilikuwa shule, ila haikuwa na ada wala geti. Sasa nijibu hili kwa dhati, binti wa huyu mama wa Kasulu akija Tabora kujifunza kwa njia uliyopita wewe, atabeba taa za nani, na harusi zikiisha saa nane usiku huko Sikonge atalala wapi?