Kiwanja karibu na mto Nyamwamba, naombeni ushauri

Habari zenu ndugu, wakubwa shikamooni. Mama ana kiwanja Kasese, Uganda, kama mita 50 kutoka mto Nyamwamba, na anataka kujenga nyumba. Najua kanuni za 2000 za kulinda kingo za mito zinazuia ujenzi ndani ya mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa, 30 kwa mingine. Fundi anasema tuinue msingi, inatosha. Mimi naogopa: mafuriko ya 2013 na 2020 yalibeba nyumba za watu, sembuse msingi! Nimemwona mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), hana pingamizi, ila kibali cha ujenzi si chake kutoa.

Je, Nyamwamba uko kundi la mita 100 au 30? Na wapimaji huanzia ukingo wa sasa, au pale maji yalipofika juu kabisa?