Jumba la sanaa linataka tuchape pamoja kitabu cha Tingatinga. Nisaini?

Kurasa_Dar: Wakubwa shikamooni. Nina kampuni ndogo ya uchapishaji, tumezoea vitabu vya watoto. Jumba moja la sanaa limenifuata tutoe kitabu cha michoro ya Tingatinga, kurasa 96, jalada gumu, nakala 1,000. Wao watatoa picha na nembo, mimi nigharimie uchapaji wote, mauzo nusu kwa nusu. Vitabu vikae dukani kwao kwa mali kauli, yaani walipe vikishauzwa. Saini wanaitaka Ijumaa.

Mzee wa Pleti: Kurasa 96 sawa, ni mikunjo sita, kila karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16. Hiyo nusu kwa nusu ndiyo siielewi. Hasara nayo mnagawana? Waambie wanunue nakala 400 kwa bei ya jumla, na walipe sehemu kabla mashine haijawashwa. Mali kauli kwa kitabu cha rangi ni kufadhili duka la mtu.

Bi Hakimiliki: Mimi naangalia kwingine. Hizo picha ni za nani?

Kurasa_Dar: Dada, michoro yote wameinunua, risiti wanazo.

Bi Hakimiliki: Risiti ni ya ubao uliochorwa tu, mdogo wangu. Haki ya kuchapa inabaki kwa mchoraji mpaka aitoe kwa maandishi. Sheria yetu ya 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alifariki 1972, ila naamini kitabu chenu kimejaa kazi za waliomfuata. Wengine wako hai, wengine wameacha watoto. Tafuta saini ya kila mmoja.

Lenzi: Na nani kapiga picha? Rangi ile inang'aa, flashi inaacha doa. Nimeshaona chui ana dirisha zima mgongoni, vioo na nondo zake! Taa mbili, moja kila upande, nyuzi 45. Picha ya upana wa sentimita 24 inataka pikseli kama 2,835, kwa hiyo za WhatsApp sahau. Prufu, ile chapa ya majaribio, ikitoka, ipeleke juani uiweke kando ya ubao wenyewe.

Kurasa_Dar: Nimewapigia. Wanasema watawatafuta wachoraji wenyewe, na Ijumaa imesogezwa. Nakala wanasema watanunua 150.

Mzee wa Pleti: 150 hailipi hata majalada. Rudi mezani.